Kulala Si Kuzima

Wazee wetu walisema usingizi ni nusu ya mauti. Walikuwa wakimsema binadamu, ambaye akishalala hajui la nyumbani kwake wala la jirani. Leo naomba tuzungumzie usingizi wa kitu kingine, ambacho wazee wale hawakukijua, lakini sisi tunaishi nacho maofisini, shuleni, madukani na hata sebuleni. Nakusudia kompyuta.

Ukitoka Mwenge jioni kuelekea Bagamoyo, ukapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, utaona maduka ya steshenari yamefungwa, shule zimefungwa na ofisi zimefungwa. Wenyewe wamekwenda kupumzika. Lakini ndani ya vyumba vile zimo mashine nyingi zilizoachwa katika hali ambayo mwenye mali akiulizwa hawezi kuitaja. Kioo ni cheusi. Pengine kuna kitaa kidogo kinapepesa, pengine hakuna. Je, mashine ile iko macho? Imelala? Au imezimwa? Na umeme ukikatika saa saba ya usiku, kazi iliyoachwa humo itasalimika au itapotea?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya mafundi, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu, ndugu zangu, kwa sababu mbili. Yanahusu kazi ya mikono yetu, na yanahusu fedha tunayoitia kwenye LUKU. Hoja yangu ya leo ni moja tu. Kompyuta ina namna kadhaa za kulala, na si kila namna inaifaa nchi ambayo umeme wake hukatika bila hodi. Namna inayotufaa sisi imo ndani ya mashine zetu tangu zamani, lakini mara nyingi imefichwa, au imeondolewa na mtu aliyedhani anatusaidia.

Sisi watu wa pwani tunayo njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Tumtazame mvuvi na ngalawa yake.

Mvuvi anapokaribia ufukoni huangusha tanga, lakini mwenyewe bado yumo chomboni na kasia lake mkononi. Chombo kile hakijalala. Kimepunguza mwendo tu. Hiyo ndiyo kompyuta iliyozima kioo peke yake. Kioo ni cheusi, lakini ndani kila kitu kinafanya kazi na umeme unaliwa.

Pili, mvuvi hutia nanga. Chombo kimetulia, watu wameshuka, na nyavu zimo ndani. Akitaka kuondoka, ni kung'oa nanga tu. Lakini usalama wa chombo hicho wote uko kwenye kamba. Kamba ikikatika, chombo kimekwenda na maji, na nyavu zimekwenda nacho.

Tatu, mvuvi huita wenzake wakakipandisha chombo pwani juu ya magogo, mpaka kipite alama ya maji ya bamvua. Kukipandisha kuna kazi, na kukishusha kesho yake kuna kazi. Lakini bahari ichafuke itakavyo, asubuhi atakikuta pale pale, na nyavu zake zimo kama alivyoziacha.

Nne, mvuvi huondoa kila kitu. Tanga limekunjwa, nyavu zimeanikwa, kasia limepelekwa nyumbani. Akirudi baharini, ataanza kupakia upya.

Kompyuta nayo ina daraja hizo hizo. Ili tuzielewe, tujue kwanza kwamba mashine hii ina mahali pawili pa kuweka mambo yake. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni mfano wa meza. Barua unayoichapa sasa hivi, hesabu unayoijumlisha, picha uliyoifungua, vyote viko mezani. Pa pili ni diski, ambayo ni mfano wa kabati. Tofauti yake ni hii: kabati huhifadhi vitu hata umeme usipokuwapo, lakini ile meza hukumbuka kwa sababu tu umeme unapita ndani yake. Umeme ukikatika kwa sekunde moja, meza imefagiliwa safi.

Sasa, usingizi wa kawaida wa kompyuta, ule ambao vijana wetu huuita slipu, huzima karibu kila kitu isipokuwa ile meza. Mashine hutumia wati chache tu, na ukigusa kibodi inaamka mara moja, barua yako iko pale pale. Huko ndiko kutia nanga. Usingizi wa pili huitwa haibaneti. Huo huchukua kila kilichoko mezani, hukiandika chote kwenye kabati, kisha mashine hujizima kabisa. Siku ukiiwasha, husoma kabatini na kukurudishia kila kitu kilivyokuwa. Inachelewa kidogo kuamka, lakini hata ukichomoa waya ukutani, ukaibeba mashine ukaipeleka Pangani, kazi yako imo. Huko ndiko kupandisha chombo pwani.

Majina haya hayakuzuka hivi hivi. Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa utaratibu wa kwanza wa pamoja wa kuiwezesha kompyuta kupunguza matumizi yake ya umeme. Mwaka huo huo Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kupewa alama hiyo zilikuwa kompyuta na vioo vyake. Kisha, Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni mpya zinazoitwa ACPI. Kanuni hizo ndizo zilizozipa daraja hizi namba. S0 ni mashine iliyo macho. S3 ni ule usingizi wa nanga. S4 ni ule wa kupandishwa pwani. S5 ni kuzimwa. Namba 1 na 2 ni sinzia sinzia ambazo siku hizi hazitumiki sana.

Nawaomba muukumbuke mwaka huo wa 1992. Wakati wenzetu wakiandika kanuni za kulaza kompyuta, sisi hapa nchini tulikuwa katika mgawo wa umeme, kwa sababu ya ukame uliopunguza maji katika bwawa la Mtera. Mgawo ulirudi mwaka 1994. Ulirudi tena mwaka 2006, ukarudi mwaka 2011, na tukauona tena mwaka 2022 na 2023. Kwa hiyo nchi iliyokuwa na haja kubwa zaidi ya usingizi ulio salama ilikuwa nchi kama yetu.

Na tukumbuke pia kwamba mashine hizi hazikuingia kwetu kwa urahisi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona jinsi zilivyogharimu fedha za kigeni huku manufaa yake yakiwa madogo. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuenea maofisini. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule wa 1974, lakini swali lililoulizwa siku zile lilikuwa swali la haki: mashine hii inatula kiasi gani, na inaturudishia nini? Swali hilo bado lina nafasi yake.

Hebu sasa tuone hasara inavyotokea. Chukua mfano wa binti anayechapa katika duka la steshenari mjini Bagamoyo. Amekuja mzee kutoka Makurunge, amelipa nauli ya bodaboda, anataka kuandikiwa hati ya mauziano ya shamba. Ni kurasa nne, zina majina ya mashahidi, zina mipaka ya shamba, mwembe huu mpaka mnazi ule. Binti amechapa kurasa tatu, mchana umefika, amekwenda kula. Mzee amekwenda kuswali. Mashine imekaa peke yake, haiguswi, na baada ya muda uliopangwa ndani yake imelala yenyewe. Imelala ule usingizi wa nanga.

Saa nane umeme unakatika. Saa tisa unarudi. Binti anawasha mashine, na mashine inaanza upya kama iliyotoka dukani. Kurasa tatu hazipo. Kweli, programu nyingi za kuandikia hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika kadhaa, na pengine nakala hiyo itaokoa kurasa mbili. Pengine haitaokoa kitu, kwa sababu yule binti hakuwa ameipa hati yake jina hata mara moja. Mzee atasubiri, au ataambiwa arudi kesho, na nauli ya kesho hamna wa kumlipia. Binti naye atachapa mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Sasa mniulize: je, waliotengeneza mashine hawakulifikiria jambo hili? Walilifikiria. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kompyuta ya mezani huwekewa usingizi mchanganyiko. Mashine inapolala hubakiza mambo mezani ili iamke haraka, lakini papo hapo huandika nakala yake kabatini. Ni mvuvi aliyetia nanga, halafu akafunga kamba ya pili kwenye mkoko. Umeme usipokatika, mashine inaamka mara moja. Ukikatika, inaamka polepole kutoka kabatini. Kwa nchi yetu, hakuna mpango uliotufaa kuliko huo.

Kwa nini basi kazi hupotea? Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na mafundi wetu, kwa heshima zote. Ili mashine iweze kuandika meza yake kabatini, lazima itengewe nafasi ndani ya diski, nafasi ya gigabaiti kadhaa. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, na diski zake ni ndogo. Mteja analalamika kwamba diski imejaa. Fundi anafungua, anakuta faili moja kubwa lisilokuwa picha wala muziki, anaandika amri moja fupi ya kuondoa haibaneti, na mara nafasi imepatikana. Mteja anafurahi na fundi analipwa.

Lakini kilichoondolewa ni nini? Imeondolewa haibaneti yenyewe. Umeondoka pia ule usingizi mchanganyiko wa kompyuta ya mezani, kwa kuwa wote wawili hutumia faili lile lile. Na kwa laptopu limeondoka jambo jingine kubwa. Laptopu ambayo betri yake inakaribia kwisha kwa kawaida hujipandisha pwani yenyewe: huandika kazi yako kabatini, kisha hujizima. Ukiondoa haibaneti, betri ikiisha kazi inakwenda na maji. Hayo yote yamefanyika bila mteja kuambiwa. Fundi hakuwa na nia mbaya, bali amekata kamba asiyoijua kazi yake.

Kwa hiyo fundi mwema, kabla ya kuondoa kitu hicho, amuulize mwenye mashine mambo mawili: unafanyia kazi gani mashine hii, na umeme wa kwako unakatika mara ngapi? Kama hapana budi, basi amwambie wazi: kuanzia leo usiiache mashine imelala na kazi ndani yake.

Nimekwisha kusema hasara ya kupoteza kazi. Iko hasara ya pili, nayo ni ya wale wasiozilaza mashine zao kabisa. Hawa huziacha ziwake usiku kucha, na kwenye kioo wameweka samaki wa rangi wanaoogelea. Wengi huamini kwamba samaki wale wanaokoa umeme. La hasha. Picha zile zilibuniwa kulinda vioo vya zamani, ambavyo picha moja ikikaa muda mrefu iliacha alama isiyofutika. Mashine inayochora samaki iko macho kabisa, na yuniti zinakwenda.

Tufanye hesabu, na kila mtu aifuate. Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Tuseme kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, ikiwa imeachwa bila kazi, inakula wati 80. Zipo zinazokula pungufu na zipo zinazokula zaidi. Kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 2 asubuhi ni saa 15. Wati 80 mara saa 15 ni yuniti moja na sehemu mbili ya kumi. Kidogo, utasema. Lakini chukua shule yenye chumba cha kompyuta 20. Usiku mmoja ni yuniti 24. Usiku 22 wa siku za kazi ni yuniti 528 kila mwezi, na humo sikutia Jumamosi na Jumapili. Mashine hizo hizo 20 zikilala usingizi wa wati tatu tatu, usiku mzima hazifikishi yuniti moja kwa jumla. Mwalimu mkuu azidishe yuniti hizo kwa bei anayonunulia, halafu ajiulize ni madaftari mangapi, ni chaki ngapi.

Nyumbani hesabu inauma kwa namna nyingine. Katika bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, na kila yuniti iliyozidi hapo ilikuwa shilingi 350. Kompyuta moja ya wati 80 isiyozimwa wala kulazwa, kwa siku 30 inakula yuniti 57 na nusu na ushei. Zimebaki yuniti 17 tu kwa taa, feni, redio na jokofu. Ndivyo nyumba inavyotolewa katika daraja la wateja wadogo na mashine ambayo usiku kucha haimtumikii mtu yeyote.

Najua ziko hoja za upande wa pili. Wapo wasemao kwamba kuzima na kuwasha kunaichakaza mashine. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, lakini diski za kawaida za kuzunguka hutengenezwa kuhimili kuanza na kusimama mara makumi ya maelfu. Ukiilaza mashine mara mbili kila siku kwa miaka kumi, hujafikisha mara 7,400. Mashine itakufa kwa sababu nyingine kabla ya hiyo.

Wapo pia wasemao, na hawa ni wenzetu hasa wa pwani, kwamba hewa yetu ina unyevu na chumvi, na mashine ikiwaka joto lake hufukuza unyevu. Hilo lina chembe ya ukweli. Lakini mashine iliyo macho pia huzungusha feni, na feni huvuta ndani hewa hiyo hiyo yenye chumvi na vumbi, saa baada ya saa. Kuifunika mashine iliyozimwa na kupoa, na kusafisha vumbi mara kwa mara, kunasaidia zaidi kuliko kuikesheza.

Wapo, tatu, wasemao tunayo UPS, kile kisanduku chenye betri. Vizuri sana, kila anayeweza na awe nacho. Lakini kazi ya kisanduku kile ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi yako, si kukupitisha usiku. Na betri zake hazipendi joto: kila nyuzi 10 zinazozidi nyuzi 25 hupunguza umri wa betri ya namna hiyo kwa takriban nusu. Katika chumba kisicho na kiyoyozi huku Bagamoyo, betri inaweza kuwa imekufa zamani wakati kitaa chake bado kinakonyeza.

Sasa niwahadharishe juu ya mambo mawili ya mashine mpya. Kwanza, kuzima kwenyewe siku hizi si kuzima kamili. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi unapozizima kwa njia ya kawaida hufunga kazi zako wewe, lakini kiini cha mfumo wake hukiandika kabatini, ili kesho ziwake haraka. Ndiyo maana fundi, mashine ikileta ukaidi, hukuambia uiristati badala ya kuizima na kuiwasha. Kuiristati ndiko kunakoanza upya kabisa. Wengi tulidhani fundi anatania.

Pili, laptopu nyingi mpya hazina tena ule usingizi wa nanga wa S3. Zina usingizi mwepesi unaofanana na wa simu ya mkononi: kioo kimezimika, lakini ndani mashine huendelea kuchungulia barua pepe na habari mpya. Ukiifunga laptopu hiyo, ukaitia ndani ya mkoba, ukapanda daladala ya Makumbusho kwenda Bagamoyo, unaweza kufika ukaikuta ya moto na betri imepungua vibaya. Haikuharibika. Haikuwa imelala usingizi mzito. Dawa yake ni kupanga kwamba kifuniko kikifungwa, mashine iende haibaneti.

Bila shaka wako watakaosema kwamba tatizo si kompyuta, tatizo ni umeme, na umeme ukitengemaa mazungumzo yote haya hayana haja. Ni kweli kwamba hatua kubwa imepigwa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilijengwa kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kufika sokoni Bagamoyo bila kukatika ni jambo jingine. Baina yake kuna nyaya, nguzo na transfoma. Upepo wa bahari huleta chumvi ikaganda kwenye vikombe vya nguzo, na mvua za masika huangusha miti juu ya nyaya. Hata nchi yenye umeme wa ziada haiwezi kumwahidi mtu kwamba waya unaopita mtaani kwake hautakatika kamwe.

Basi tufanye nini? Mambo ni machache, na hayana gharama.

La kwanza, fungua sehemu ya mipangilio ya umeme katika kompyuta yako. Panga kioo kizimike baada ya dakika tano au kumi, na uwafute wale samaki.

La pili, tazama kama haibaneti imo. Mara nyingi neno hilo halionekani katika orodha ya kuzimia mpaka mwenye mashine aliweke mwenyewe, katika ukurasa unaopanga kazi za kitufe cha kuwashia. Kama halipo hata huko, mwite fundi, umwambie alirudishe. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo.

La tatu, gawa usingizi kwa kazi. Unakwenda kunywa chai, usingizi wa kawaida unatosha. Unakwenda kula na kuswali, au unafunga duka hadi kesho, tumia haibaneti, halafu chomoa waya ukutani. Umeme unaporudi kwa kishindo, mashine iliyochomolewa haijui habari hiyo.

La nne, jaribu kabla ya kuamini. Andika mistari miwili isiyo na thamani, usiihifadhi. Peleka mashine haibaneti, subiri taa zote zizimike, chomoa waya. Ikiwa ni laptopu, iache hivyo hivyo. Kaa dakika tano, rudisha waya, washa. Mistari yako ikiwapo, umepata chombo kilichopandishwa pwani. Isipokuwapo, umejua leo kwa mistari miwili, hukujua kesho kwa hati ya mzee wa watu.

Na la tano, ambalo haliondolewi na mengine yote: ipe kazi yako jina na uihifadhi tangu mstari wa kwanza.

Haya hayahusu mtu mmoja mmoja peke yake. Mkuu wa shule, mkuu wa ofisi na mwenye duka wanunuapo kompyuta huuliza bei, huuliza ukubwa, huuliza kama ina dhamana. Waongeze swali moja: mashine hizi zimepangwa zilale vipi, na nani amezipanga? Chumba cha kompyuta 20 kinaweza kupangwa na fundi mmoja katika muda wa asubuhi moja. Na yule binti wa steshenari afundishwe siku ya kwanza ya kazi, kama anavyofundishwa kuweka karatasi kwenye mashine ya fotokopi.

Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, itazameni ile kompyuta mliyoiacha mezani, muulizane nyumbani au kazini: hii imelala, au imezimwa? Kama hakuna anayejua, kesho asubuhi mna kazi ya dakika kumi.